Mizani ndogo ya gramu 500: Kariakoo ilisema 200.00, Mbeya ikasema 199.90

Mimi ni sonara, benchi langu liko Kariakoo. Mizani ninayoielezea hapa ni ile ndogo ya mfukoni yenye mfuniko mweusi, haina chapa, inabeba hadi gramu 500 na inasoma hadi 0.01. Nilinunua kwa shilingi 35,000, na jiwe la gramu 200 la kuisawazishia nikauziwa kwa 12,000. Kwa mteja natumia ile kubwa yenye stika ya Wakala wa Vipimo. Hii ni ya kazi za benchi: kupima mabaki ya dhahabu, vumbi la tupa, shaba ya kuchanganya.

Kwa kazi hiyo nimeridhika. Ukiweka kitu inatulia upesi, na ukikitoa inarudi sifuri yenyewe. Kasoro zake ni mbili. Inajizima baada ya dakika moja, kwa hiyo ukisimama kumjibu mteja, ile sifuri uliyoweka na kibakuli juu yake imepotea. Na feni ikiipuliza, namba ya mwisho haikai.

Lakini sababu ya kuandika ni safari ya Mbeya. Nilikuwa nakwenda kumwona mjomba wangu, aliyenifundisha kazi hii, nikaibeba nimwonyeshe. Asubuhi ya kuondoka niliisawazisha, nikaweka jiwe: 200.00. Nikaifunga kwenye kanga, tukapanda mlima wa Kitonga, tukafika usiku na baridi yake. Kesho yake nikaiweka mezani kwa mjomba, nikaweka jiwe lilelile. 199.90.

Nilidhani ni baridi. Nikaiacha ndani hadi saa saba mchana, chumba kimepata joto, nikafuta jiwe kwa kitambaa, nikarudia mara sita. 199.90, 199.91, 199.90. Kwa sonara, pointi moja ya dhahabu, yaani gramu 0.1, si kitu cha kupuuza.

Mjomba hakusema neno. Alishusha kabatini mizani yake ya sahani mbili, ile ya shaba ambayo mikono yake imeingia rangi ya mafuta ya vidole. Akaweka jiwe langu upande mmoja, na mawe yake mawili ya gramu 100 upande wa pili. Ule mkono ukayumba, ukapanda, ukashuka, mshale ukaja kusimama katikati kabisa. Hakuna kilichopungua.

"Haya mjomba," akaniambia, "mizani yako inasema limepungua, yangu inasema liko vilevile. Nani mkweli?"

Zote mbili. Shuleni nilisoma PCM (fizikia, kemia na hisabati), na hili nililijibu kwenye mtihani miaka hiyo bila kulielewa. Ndani ya mizani ya betri kuna kipande cha alumini kinachopinda kidogo mno unapoweka kitu. Inachopima ni huko kupinda, yaani nguvu ambayo dunia inalivuta jiwe. Gramu inazionyesha kwa kuamini kwamba dunia inavuta vilevile kama pale ulipoisawazisha. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari, mbali zaidi na kitovu cha dunia kuliko Kariakoo, na mvuto wake ni mdogo kwa takriban sehemu 5 katika 10,000. Kwenye gramu 200 hiyo ni gramu 0.1. Mizani ya elfu thelathini na tano ilikuwa imeupima mlima! Ile ya mjomba inalinganisha jiwe na jiwe; mvuto ukipungua, unapungua sahani zote mbili.

Mjomba alielewa haraka, ndipo akauliza swali ambalo sijalala nalo vizuri tangu siku hiyo: "Sawa, uzito umepungua. Sasa hicho ambacho hakikupungua ni nini?"

Kitabuni kinaitwa tungamo, na kina kazi mbili. Ya kwanza, ndicho dunia inachokivuta. Ya pili, ndicho kinachogoma unapolisukuma jiwe juu ya kioo, na huko kugoma hakubadiliki uwe pwani au mlimani. Hakuna sababu ya wazi kwa nini kazi hizo mbili zilingane, lakini zinalingana. Setilaiti ya Ufaransa iitwayo MICROSCOPE, iliyorushwa mwaka 2016, ililinganisha jinsi titani na platini zinavyoanguka, na matokeo ya mwaka 2022 hayakuona tofauti hata kwa usahihi wa takriban sehemu 1 katika milioni bilioni. Einstein aliuchukua ulingano huo kama msingi, na kufikia mwaka 1915 mvuto kwake ulikuwa ni umbo la nafasi na wakati. Ndiyo maana saa iliyoko Mbeya inaitangulia ya Kariakoo, kwa kama sehemu 6 za milioni ya sekunde kila mwaka.

Na kuna hili ambalo mjomba alinifanya nilirudie mara tatu. Jiwe hili karibu lote ni chembe za protoni na neutroni, na ndani ya kila chembe kuna chembe ndogo zaidi ziitwazo kwaki. Ukijumlisha tungamo la kwaki zenyewe unapata kama asilimia 1 tu, yaani gramu 2 kati ya 200. Zilizobaki karibu zote ni nishati ya mwendo na ya kufungamana kwao humo ndani. Mjomba alilishika jiwe muda mrefu, akaligeuza, akaligonga kwa kucha.

Hata kilo yenyewe, kuanzia 1889 hadi 2019, ilikuwa kipande cha platini na iridi kilichofungiwa Sèvres karibu na Paris. Nakala zake zilitofautiana nacho kwa makumi ya maikrogramu, wakakiacha. Sasa kilo inatokana na namba isiyobadilika ya maumbile, iliyopewa jina la mwanafizikia Planck.

Kwa hiyo, ukinunua mizani hii nunua na jiwe lake, usikubali kuuziwa bila jiwe. Ukienda nayo Chunya, Arusha au Njombe, isawazishe hukohuko kabla ya kupima chochote cha mtu. Mbeya nilifanya hivyo, ikarudi 200.00 na ikabaki hapo siku zote nne. Jiwe nimemwachia mjomba. Limekaa kwenye sahani ya kushoto ya mizani yake, na ananipigia simu kuniuliza kuhusu zile gramu 198.