Tangi jipya la samaki: ununue nini kwanza, na samaki waje lini

Mji wetu wa Tanga una msemo wake, "waja leo waondoka leo", na samaki wangu wa kwanza waliuchukua kama ulivyo. Tangi nililinunua Jumamosi asubuhi, nikalijaza maji ya bomba, saa kumi jioni nikatia samaki wanane. Jumanne binti wa dada yangu akaniita kutoka sebuleni: "Mjomba, mbona hawa wanahema juu juu?" Alhamisi alibaki mmoja. Muuzaji alikuwa ameniambia maji yakitulia saa moja tu yanatosha, nami nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini.

Hawakuwa wagonjwa. Samaki hutoa amonia mchana na usiku, nyingi kupitia matamvua, na amonia ni sumu. Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu vilevile, kisha wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka siku ya kubadilisha maji. Bakteria hao hukaa kwenye sponji ya filta (chujio la maji), mchanga na vioo. Tangi jipya halinao wa kutosha. Kuwakuza kuanzia sifuri huchukua kama wiki nne hadi sita, na ndiyo maana katika orodha ya manunuzi samaki ni wa mwisho kabisa.

Vitu vyote hapa chini nimevipanga kwa swali moja: kinasaidia kuwakuza bakteria na kuwaweka hai umeme ukikatika, au kinapendeza tu?

Tangi lenyewe

Hapa sitakaa sana. Kwa anayeanza, sentimita 60 kwa 30 kwa 30 linatosha. Linabeba lita 54, na maji mengi huharibika polepole kuliko maji machache, kwa hiyo lile bakuli la duara liache dukani. Fundi wa vioo na alumini anaweza kukutengenezea kwa kioo cha milimita 6. Muulize silikoni anayotumia: ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia kuvu hapana. Harufu ya siki ikishaisha kabisa, lijaze maji uani siku mbili uone kama linavuja. Likijaa maji na mchanga linapita kilo 70, yaani mfuko wa saruji na nusu karibu, kwa hiyo ile meza ya televisheni yenye miguu ya kuchezacheza isahau. Usiliweke dirishani kwenye jua pia.

Hita usinunue. Kwetu shida ni joto. Maji ya nyuzi 20 hushika kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hushika 7.5 tu. Wakati wa kaskazi utaona tofauti hiyo kwa macho, samaki wakipanda juu kutafuta hewa.

Filta: nazipanga hivi

Ya kwanza, bila kusita, ni filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Ni rahisi, haina cha kuharibika zaidi ya pampu, na sponji yote ni nyumba ya bakteria. Pampu ya wati 3 ikiwaka mwezi mzima inakula unit mbili na ushee za Luku. Umeme ukikatika unachomeka mpira uleule wa hewa kwenye pampu ndogo ya betri, ile wanayotumia wavuvi kuweka chambo hai, na maisha yanaendelea. Weka pampu juu kuliko usawa wa maji, au nunua vali ya kuzuia maji yasirudi. Nisiposema hili utakuja kunilaumu: umeme ukizima, maji hurudi kupitia mpira, yanaingia kwenye pampu na kumwagika sakafuni. Inanguruma kidogo usiku. Iweke juu ya kipande cha godoro.

Ya pili ni ile ya kuning'inia mgongoni mwa tangi. Inasafisha vizuri, lakini huja na vile vifuko ambavyo maelezo yake yanakwambia uvitupe kila mwezi. Ukivitupa umetupa bakteria wako. Mimi hutoa kifuko nikajaza sponji. Tena, baadhi yake zikizimika haziwezi kuvuta maji zenyewe umeme ukirudi, na kama uko kazini zitaunguza mota kavu.

Ya tatu, filta ya ndani yenye pampu ya umeme. Si mbaya, ila sponji yake ni ndogo kama kipande cha mkate.

Ya mwisho naiweka ile ya kopo la nje, ingawa ndiyo ghali kuliko zote na ndiyo utakayosifiwa nayo. Kwa tangi la lita 300 la mtu mwenye inveta, sawa. Kwa lita 54 na umeme wa kukatika, hapana. Ikizimika saa kadhaa, bakteria waliofungiwa ndani ya kopo humaliza oksijeni na kufa, na umeme ukirudi inakutapikia maji yanayonuka ndani ya tangi.

Maji na mchanga

Maji ya bomba ya Tanga hutoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi na husafishwa kwa klorini. Klorini inayotulinda sisi inaua bakteria wa tangi. Yaache kwenye ndoo wazi saa 24, ukiweza yapulizie hewa, au tumia dawa ya kuondoa klorini ambayo hufanya kazi ndani ya dakika chache. Kichupa kimoja hudumu muda mrefu, kinunue.

Maji ya kisima hayana klorini, lakini sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya mawe ya chokaa. Kama sabuni haitoi povu, maji ni magumu na pH (kipimo cha asidi, ambacho hupanda asidi ikipungua) iko juu. Yaonje: yakiwa na chumvi, achana nayo. Magumu yasiyo na chumvi yanawafaa gapi, samaki wadogo wa mapambo, na wale samaki wa rangi kutoka ziwa Tanganyika na Nyasa. Ila kumbuka jambo moja: pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, ile sehemu ya amonia yenye sumu kali huongezeka karibu mara kumi. Kosa ambalo wa maji ya bomba atasamehewa, wa kisima hasamehewi.

Mvua ya bati ni laini mno, pH yake huyumba. Ichanganye na ya kisima.

Mchanga nunua wa mto, ule wa mafundi ujenzi, uoshe mpaka maji yatoke meupe. Ukitamani ule wa ufukweni Raskazone, chukua kijiko kimoja kwanza ukamulie ndimu. Ukitoa mapovu una maganda ya kombe ndani yake, na utapandisha pH kila siku. Matumbawe usivunje, imekatazwa. Na kabla hujaniuliza kwa nini tusichote bahari iko hapa hapa: tangi la maji chumvi ni mradi mwingine wenye gharama nyingine, na silikanti, yule samaki wetu wa kale wa kina kirefu, hafugiki sebuleni.

Kipimo: usikwepe hiki

Ukinipa pesa ya kitu kimoja cha ziada, sinunui taa wala jumba la plastiki, nanunua kipimo cha matone cha amonia, nitriti, nitrati na pH. Vijiti vya karatasi ni rahisi zaidi, lakini vingi havipimi amonia, na unyevu wa pwani unaviharibu ndani ya kopo. Amonia haina rangi. Maji yanaweza kung'aa kama ya chupa yakawa yanaua.

Njia za kulianzisha tangi, kutoka bora hadi mbaya

Bora kuliko zote huwa haiuzwi: sponji iliyokwisha kukomaa kutoka kwa jirani mwenye tangi la mwaka mmoja na zaidi lisilo na samaki wagonjwa. Nenda kwa heshima, "shikamoo mzee", umpelekee sponji yako mpya aiweke pembeni ya filta yake mwezi mmoja, au uombe kipande cha yake. Ibebe ndani ya ndoo yenye maji ya tangi lake. Ikikauka bakteria wanakufa. Ukiisuuza bombani, klorini inawamaliza. Mimi niliibeba kwa baiskeli kutoka Chumbageni hadi Ngamiani, ndoo ikining'inia kwenye usukani, watoto wakinifuata wakidhani nimepata pweza. Kwa njia hii wiki moja au mbili zinaweza kutosha. Hatari yake ni kuchukua na maradhi yao, ndiyo maana nasema jirani unayemfahamu.

Ya pili ni kuwalisha bakteria bila samaki. Safi kabisa ni amonia tupu yenye kiasi kinachopimika: unatia mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita, ikishuka unarudia. Amonia ya kusafishia nyumba itikise kwanza. Povu likibaki ina sabuni ndani, usiitie. Usipoipata, shuka soko la Deep Sea ukanunue kamba mbichi mmoja asiyetiwa chumvi, umfunge kwenye soksi ya nailoni na kumtumbukiza. Akioza anatoa amonia. Nuka itanuka, na mwenye nyumba atasema. Kipimo kikizidi miligramu 4, mtoe. Chakula cha samaki, chembe kidogo kila siku, nacho kinafanya kazi ila polepole.

Wiki ya kwanza au ya pili maji yatageuka kama tui. Usiyamwage, ni bakteria wa aina nyingine wamezaliana, yatatulia yenyewe ndani ya siku chache. Baadaye amonia itashuka na nitriti itapanda ikakaa juu hadi ukate tamaa. Hapo ndipo wengi wanaponunua samaki. Ngoja. Umefika pale ambapo unatia amonia ya miligramu 2 leo na kesho saa kama hiyo amonia ni 0, nitriti 0, na nitrati imepanda.

Ya tatu, bakteria wa chupani. Baadhi zinasaidia kweli, lakini ni viumbe hai, na chupa iliyokaa miezi kwenye dirisha la duka lenye jua la Tanga huenda umeuziwa maji ya kahawia. Angalia tarehe, muulize walipokuwa wakiihifadhi. Hata ikiwa nzima, bado inahitaji amonia ya kula.

Ya nne, kuacha tangi tupu na filta ikiwaka mwezi mzima. Hii haiui kitu na haisaidii kitu. Bakteria hawali maji matupu. Nimeiweka hapa kwa sababu ndiyo ushauri utakaoupata zaidi mitaani.

Ya mwisho ni kutia samaki "wagumu" ili wao ndio waanzishe. Walionusurika mara nyingi hubaki na matamvua yaliyoungua. Ndivyo nilivyofanya Jumamosi ile.

Siku ya samaki

Kipimo kikikubali, badilisha nusu ya maji ili kupunguza nitrati, kwa maji yaliyoondolewa klorini. Kwa lita 54 anza na gapi watano wa kiume. Ukichanganya na majike, baada ya mwezi utakuwa unagawa vifaranga mtaa mzima. Acha mfuko uelee juu ya maji dakika 15, uwavue kwa kijavu, maji ya mfuko yamwage nje. Siku hiyo usiwalishe. Pima kila siku kwa wiki mbili, na wengine wakaongezeke baada ya hapo, watatu watatu.