Huduma ya kukamua alizeti Kizota, Dodoma: kazi safi inayodai umeme wa uhakika

Kiwanda kidogo nilichokipelekea alizeti yangu baada ya mavuno kiko Kizota, jijini Dodoma, na huduma yake inazidi ya mashine nyingi za mitaani ninazozifahamu. Mzigo hupimwa mbele ya mteja, mbegu hupitishwa kwenye chekeche ili kuondoa mchanga na mabua, na mafuta huchujwa kwa vitambaa vinavyobadilishwa mara vinapoanza kuziba. Malipo ni kwa kilo ya mbegu, na anayewaachia mashudu hupunguziwa. Mafuta niliyoyapata hayakuacha machicha chini ya dumu, na harufu yake ya alizeti imebaki vilevile.

Kasoro kubwa ni umeme, nami nitaieleza kwa kirefu kwa kuwa ndiyo inayopandisha bei. Umeme ulikatika wakati mashine ya kukamulia imejaa, mbegu zikapoa na kugandamana kwenye skrubu, kiasi kwamba hata uliporudi mota ilinguruma tu bila kuzunguka. Vijana wawili walilazimika kuifungua mashine na kuchokoa kwa patasi mashudu yaliyokwisha kuwa magumu kama tofali, ndipo kazi ikaanza upya. Sikutozwa chochote kwa usumbufu huo. Hata hivyo, muda wa vijana wale, mbegu zilizoharibika na dizeli ya jenereta ni gharama ambazo hatimaye huingia kwenye bei ya kila lita, na lita hiyohiyo ndiyo inayoshindana dukani na mafuta ya mawese yanayoshushwa bandarini kutoka Malaysia na Indonesia.

Kinachoniuma ni kwamba taifa limekwisha kufanya sehemu ngumu zaidi ya kazi. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji limejengewa mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, yaani megawati 2,115 kwa jumla, na umeme wake ulianza kuingia kwenye gridi mwaka 2024. Dodoma nayo imo kwenye njia kuu ya kilovoti 400 inayotoka Iringa kwenda Singida hadi Shinyanga, na kituo chake cha kupozea umeme kiko hapahapa Zuzu. Uwekezaji unaohitajika sasa, kwa maoni yangu, ni wa hatua ya mwisho: transfoma zinazomudu mota za fezi tatu, nyaya zenye unene wa kutosha, na laini za viwanda zilizotengwa na za makazi, ili matumizi ya jioni ya mtaa mzima yasishushe nguvu ya umeme kiwandani. Mipango ya nishati ingepaswa kupimwa pia kwa saa ambazo mashine kama hii imezunguka bila kusimama, kwa kuwa hapo ndipo mkulima wa Kongwa au Iramba anapouona uwekezaji huo mfukoni mwake.

Mwenye magunia machache ninamshauri akitumie kiwanda hiki bila wasiwasi, ila afike asubuhi na alizeti iliyokauka vizuri. Mwenye shehena ya lori aulize kwanza kama jenereta yao inaweza kuendesha mashine zote kwa pamoja, maana nilipokuwa pale iliendesha moja tu.