Kware wa rangi: uanze na mbegu ipi

Kware wa rangi hununuliwa kwa macho, na hapo ndipo hela nyingi inapopotea. Unamwona dume wa dhahabu kizimbani, unampenda, unalipa. Miezi miwili baadaye nusu ya vifaranga wake ni kahawia wa kawaida na hujui kosa liko wapi. Kwa hiyo mimi nazipanga aina hizi kwa swali moja: je, nikijua rangi ya wazazi, nitajua vifaranga watakuja vipi? Uzuri wa manyoya naufikiria baadaye.

Nazungumzia kware wa Kijapani, wale wanaoanza kutaga wakiwa na wiki 6 hadi 8, na ambao mayai yao huanguliwa kwenye mashine kwa siku 17 au 18. Mashine ni lazima, maana majike wengi wa kufugwa hawaatamii.

Nafasi ya kwanza nampa Farao, yule mwenye rangi ya porini. Najua aliyekuja kutafuta rangi atanuna, lakini bila yeye utafuga gizani. Akifika wiki ya 3 unamtambua kwa kifua tu: dume kifua chake ni cha rangi ya kutu bila doa, jike ana madoa meusi yaliyotawanyika. Unaweza kumuuza dume wa ziada mapema kabla hajamaliza chakula chako. Halafu ndiye utakayempandisha na kila rangi nyingine ili kuijua jeni yake, yaani chembe ya urithi inayobeba rangi. Ukipata Farao wa ukoo wa Jumbo ni bora zaidi, kwa kuwa hufika gramu 250 hadi 300 wakati wa kawaida huishia 150 hadi 200.

Wa pili ni Tibetan, kahawia iliyokolea karibu na nyeusi. Hapa hesabu ni safi. Tibetan kamili ana jeni mbili za weusi. Mpandishe na Farao, vifaranga wote watakuwa Rosetta, kahawia ya kati yenye wekundu. Rosetta kwa Rosetta utapata robo Tibetan, nusu Rosetta na robo Farao. Kwa mtu mwenye mtaji mdogo, ushauri wangu ni kununua madume wawili wa Tibetan na majike wanane wa Farao. Una rangi tatu ndani ya vizazi viwili, na dume mmoja kwa majike wanne ni uwiano unaotosha kurutubisha mayai.

Ugumu wa Tibetan ni jinsia, maana kifua hakisemi kitu. Mwaka niliowanunua niliuziwa "jozi sita" za wiki 4, na wiki ya 7 nikasikia wanawika kila upande wa banda: tisa walikuwa madume. Tangu hapo sinunui Tibetan kabla hajakomaa, na kila ndege namkagua mwenyewe. Mgeuze chali kwenye kiganja, utenge manyoya ya sehemu ya haja. Dume aliyekomaa ana uvimbe mwekundu juu ya tundu, na ukiubonyeza taratibu kwa kidole gumba hutoka povu jeupe kama la sabuni. Jike hana povu. Muuzaji asiyekubali ukaguzi huo, mwache na ndege wake.

Wa tatu ni wa dhahabu, anayeitwa mara nyingi Italian. Huyu kifua chake kinakuonyesha jinsia, na wateja wanampenda sana. Lakini rangi ya dhahabu inaweza kutoka kwenye jeni zaidi ya moja, na mojawapo, ile ya manjano, huua kiinitete kikiirithi kutoka kwa baba na mama. Ukipandisha dhahabu kwa dhahabu wa jeni hiyo, robo ya mayai yenye mbegu hufa mapema ndani ya ganda, na mfugaji huishia kulaumu mashine au umeme. Dawa yake ni rahisi: mpandishe na Farao. Nusu ya vifaranga watakuwa dhahabu na hakuna atakayekufa kwa sababu hiyo.

Weupe na Tuxedo, yule mwenye tumbo jeupe na mgongo wa rangi, nawaweka pamoja. Weupe kwa weupe hutoa weupe. Tuxedo kwa Tuxedo huchanganya: watatoka weupe, Tuxedo na wasio na baka. Wanapendeza, ila usimwahidi mteja idadi.

Wa mwisho ni wa fedha, kijivu cha kung'aa. Ukiwapandisha wenyewe kwa wenyewe, wanaopata jeni mbili huwa weupe wenye kasoro za macho, na mimi sioni haki ya kumzalisha ndege wa namna hiyo kwa kusudi. Celadon simpangi humu kwa sababu rangi yake iko kwenye ganda la yai, la buluu. Jeni ile hujificha, hivyo dume usimnunue kwa maneno. Omba uone mayai ya mama yake na ya dada zake.

Popote ununuapo, chukua madume kutoka banda moja na majike kutoka lingine. Kware wakizaana ndugu kwa ndugu, mayai huanza kukosa mbegu ndani ya vizazi viwili au vitatu, na koo za rangi ndizo huzalishwa ndugu kwa ndugu zaidi. Pia uwe na mlaji wa mayai na nyama kabla ya kununua. Waliofuga Kenya mwaka 2013 na 2014 wanakumbuka: kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, walilipia, lakini wanunuzi wakubwa walikuwa wafugaji wapya, na hao walipokwisha bei ilianguka.

Siku ya kuwabeba, tumia boksi fupi lenye matundu, kimo cha shubiri moja hivi. Kware akishtuka huruka wima kwa nguvu. Boksi likiwa refu atagonga kichwa hadi achunike, na utafika nyumbani na Tibetan wako anavuja damu.