Matembezi ya ndege mdomo wa Sabaki: yafaa pesa, ila uliza maji kwanza

Kama mko Malindi msimu huu wa kaskazi na mna asubuhi moja ya kupoteza, ipotezeni Sabaki. Sisemi pale darajani, kila mtu hupapita akienda Mambrui. Nasema kule mto unakoingilia baharini.

Tulikuwa watu wanne, tukalipia Sh1,500 kila mmoja kwenye ofisi moja ya watalii mjini. Tuktuk ilichelewa kutuchukua, na hilo si jambo dogo, kwani ndege wa ufuoni hawafuati saa, hufuata maji. Maji yakijaa husogezwa karibu, wakajikusanya kwenye mafungu ya mchanga. Yakipwa hutawanyika matopeni mbali, ukabaki kuona vidoa. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana kuelekea saa nne au saa tano asubuhi, kwa hiyo kila dakika ya kuchelewa mnaikimbiza bahari. Ofisini hakuna aliyetueleza haya. Wala hatukuambiwa kuna tope la kufika kwenye vifundo. Mwenzetu mmoja alivaa viatu vyeupe, maskini.

Aliyeokoa siku ni kiongozi wetu, kijana wa kijijini hapo hapo. Alibeba darubini ya kusimamisha kwa miguu mitatu, na bila hiyo ningerudi nikisema nimeona heroe tu, maana wale hata kwa macho matupu utawaona, waridi ile haifichiki. Alinisimamisha: "Mama, usisogee, wataruka. Angalia hapa." Nikamwona sululu, mdomo umepinda kama mundu, ameshika kaa. Alimtikisa mpaka miguu ikang'oka mmoja mmoja, akamchovya kwenye kidimbwi, akammeza mzima. Nilikaa kwenye kioo hicho mpaka wenzangu wakaanza kunung'unika.

Kuna vindege vidogo vya kijivu vilivyokuwa vinadonoa tope bila kupumzika. Vijana wa Sabaki wanavijua: vinazaliana Siberia, kwenye baridi kali ya kaskazini, na kule kukiganda huja kwetu kula. Kimoja hakifiki gramu 100. Mimi nikitoka Malindi kwenda Mombasa naumwa mgongo.

Na tope lenyewe lina kisa chake. Mto huu huanza kama Athi huko bara, ukapita Tsavo ukaitwa Galana, halafu ukawa Sabaki, nao hushusha udongo mwekundu njia nzima. Wenye hoteli huulalamikia unapoifanya bahari ya Malindi kuwa ya kahawia. Lakini minyoo na kaa wanaolisha ndege hawa wanaishi humo humo, na ndiyo sababu Sabaki kuna ndege usiowaona kwenye fukwe safi za hoteli.

Tuliona pia mwari, yangeyange, buabua wengi sana, na furukombe mmoja juu ya mti mkavu. Kiboko hatukumwona, nyayo zake tu kando ya matete, na hapo kiongozi alituzungusha mbali bila mjadala.

Chai ya mwisho iliyotangazwa ilikuwa mahamri ya jana. Tuyaache.

Kwa huduma ya kiongozi natoa nyota tano; kwa ile ofisi, mbili. Tena nilipomuuliza anapata kiasi gani katika zile Sh1,500, alicheka tu. Safari ijayo nitateremkia darajani, nitafute vijana wa kuongoza wageni na kuwalipa mkononi. Nataka kurudi wakati wa kusi, Julai hivi, maana wanasema heroe wanaweza wasiwepo lakini yuko ndege mwingine anayekuja kutoka Madagaska, mwenye mkia na mruko wa mbayuwayu.

Bebeni maji ya kunywa, kofia na makubazi ya kufunga, kivuli hakuna kabisa. Na msiende peke yenu alfajiri au magharibi. Yale matete yana wenyewe.