Kupima majibu ya kibodi bila mtu: bomba au terminali bandia?
Programu ikiuliza "Endelea? (n/h)" na hakuna mtu wa kujibu, jaribio la kiotomatiki huganda. Njia nyepesi ni bomba (pipe), yaani kupitisha matokeo ya amri moja yawe ingizo la nyingine: `printf 'n\n' | ./sakinisha`. Kwa ndiyo au hapana, inatosha kabisa.

Ila programu nyingi hukagua kwanza, kwa isatty (kitendakazi cha mfumo), kama zimeunganishwa na terminali. Zikikuta bomba hubadili tabia: rangi hutoweka, maswali hurukwa. Hapo unapima kitu ambacho mtumiaji wa kawaida haoni.

Terminali bandia (pty), yaani kifaa cha kiprogramu kinachojifanya terminali halisi, inayotumiwa na zana za kuendesha programu kiotomatiki kama Expect na pexpect, huiaminisha programu kwamba mtu yupo. Hata Ctrl-C, yaani baiti 3, hugeuka ishara halisi ya kusitisha. Njia hii ni nzito zaidi, na lazima usubiri swali litokee ndipo ujibu; ukikisia muda kwa sleep (amri ya kusubiri sekunde kadhaa), jaribio litapita leo na kufeli kesho. Kwa menyu na nywila, mimi natumia hii tu.