Ziara ya nyumba za kale Charleston: shangazi aliuliza swali moja tu

Nimekaa na hasira hii wiki kadhaa nikidhani itapoa. Haijapoa, basi naandika.

Shangazi yangu alikuja kutoka Tanga kunitembelea Baltimore, nikamwahidi kumpeleka kusini aione Charleston, mji wa kale wa jimbo la South Carolina. Nikalipia ziara ya kutembea kwa miguu, saa mbili, tulikuwa kama watu kumi. Shangazi anapenda majengo kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nyumba yake ya matofali ya kuchoma aliisimamia mwenyewe, tangu kufyatua mpaka kuezeka.

Nimpe mwongozaji haki yake kwanza, maana saa ya mwanzo alinifurahisha kweli. Ninakoishi mimi nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta mtaa mzima, na vingazi vya marumaru nyeupe vinashuka moja kwa moja hadi njiani. Jioni za joto watu wanakaa hapo hapo, ukipita unasalimia kila mlango. Charleston nyumba inaelekeza barabarani ule upande wake mwembamba. Ina upana wa chumba kimoja tu, na mlango wake mzuri wa mtaani ukiufungua hujaingia ndani bado: unatokea kwenye baraza ndefu inayofuata ubavu wa nyumba, mara nyingi imeelekea kusini au magharibi ipate upepo, na juu yake kuna baraza nyingine. Shangazi alilielewa hilo kabla sijamaliza kutafsiri. Tukaonyeshwa vyuma vya mviringo kwenye kuta, ambavyo ni vichwa vya nondo zilizopitishwa katikati ya nyumba kuzishikiza baada ya tetemeko la 1886. Tukaambiwa mji huu ulikuwa wa kwanza Marekani kutunga sheria ya kulinda mtaa mzima wa kale, mwaka 1931. Nimewahi kulala Philadelphia kwenye kijumba cha vyumba vitatu vilivyobebana, kimoja kila ghorofa, ngazi imejikunja mpaka sanduku halipiti, na sikuambiwa lolote. Kwa huyu bwana nilikuwa najifunza.

Ndipo tukafika kwenye ukuta uliobanduka lipu. Shangazi akasimama. Kwenye tofali moja kulikuwa na vishimo vitatu vidogo vimepangana. Akajaribu kuingiza vidole vyake, havikuenea.

"Huyu alikuwa mtoto," akasema. "Tofali bichi ukiligeuza kabla halijakauka, vidole vinabaki. Mwanangu, hebu muulize, waliofyatua haya walikuwa wanalala wapi?"

Nikatafsiri. Yule bwana hakumtazama shangazi hata kidogo. Alinitazama mimi, akasema ziara hii ni ya ujenzi wa nyumba, mambo ya watumwa yana ziara zake, na wenzetu hawakulipa kusikiliza hayo. Kisha akaangalia saa.

Mama wa miaka sabini na kitu, amesafiri bara zima na bahari, anauliza kwa adabu, wewe unaangalia saa!

Na swali lilikuwa la ujenzi. Mbele kidogo alituonyesha jengo jembamba la ghorofa moja uani, nyuma ya nyumba kubwa, akaliita banda la magari ya farasi. Shangazi akaniuliza, "Mbona lina dohani? Farasi wanawashiwa moto?" Kesho yake nilimpeleka kwa hela yangu kwenye nyumba ya Aiken-Rhett, ambako majengo ya uani yameachwa karibu kama yalivyokuwa. Jiko chini, vyumba vya watumwa juu yake, na vyumba vingine juu ya banda la farasi. Jiko lilitolewa ndani ya nyumba kubwa likawekwa uani kwa kuogopa moto na joto. Kwa hiyo ubaridi wa ile baraza tuliyosifiwa nusu saa ulitokana na kuhamishia joto juu ya watu wengine. Huwezi kueleza nyumba ya Charleston ukiishia barazani. New Orleans, mama aliyetutembeza kwenye zile nyumba za vyumba vilivyofuatana bila ukumbi alianzia Haiti na Afrika Magharibi, ambako mtindo huo unasemekana ulitoka, kabla hatujavuka hata barabara, na hakuna mtalii aliyelalamika.

Nilitaka kuwapa nyota tatu kwa sababu ya saa ile ya kwanza. Hata sasa siwezi kupita kwenye vingazi vya mtaani kwangu bila kukumbuka maneno ya yule bwana, anajua kazi yake. Lakini kila nikitaka kubonyeza tatu naona ule mkono ukiinuka aangalie saa. Nyota moja. Na anayejua zaidi kuliko wengine ndiye mwenye kosa kubwa zaidi, kwa sababu lile tofali analipita kila siku.

Kampuni imeniandikia ikitaka kunirudishia nusu ya hela. Nilipompigia shangazi kumweleza, hakuuliza ni kiasi gani. Aliuliza kama lile tofali bado liko wazi, wasije wakalipiga lipu.