Kozi ya udereva wa kasi: niliacha Mark X nyumbani, nikaenda na Fielder

Nimemaliza kozi ya udereva wa kasi na udhibiti wa gari, kwenye uwanja wa lami uliofungwa upande wa Mariakani. Tangu nirudi Mombasa naulizwa swali moja: ulikwenda na gari gani? Wanaouliza wanajua nyumbani kuna Mark X ya kaka yangu. Nilikwenda na Fielder yangu, ile ile ya kuendea kazini na kupelekea watoto shule.

Mark X nilipewa kwa roho safi. Ni V6 ya lita 2.5, inavutwa na magurudumu ya nyuma, na sauti yake tu yatosha kumfanya mtu ajisajili. Binamu yangu naye alinisihi nichukue Subaru Forester yake yenye tabo, kifaa cha kuongezea injini nguvu. Nilizikataa zote mbili na leo ningezikataa tena. Kozi ya mwanzo inafundisha jinsi uzito wa gari unavyohama: ukishika breki unalalia mbele, ukikanyaga mafuta unarudi nyuma, ukikata kona unaegemea tairi za nje. Gari lenye nguvu za wastani hukupa nafasi ya kuyahisi hayo yote mwilini kabla hujafikia kasi ya kutisha.

Kabla ya kwenda nilipitia kwa fundi wangu Kisauni. Ni mtu mzima, amezoea vijana wanaomletea magari waongezewe nguvu. Akaniambia, "Mwanangu, mbio utapata. Nionyeshe kwanza utasimama vipi." Maneno hayo ndiyo yaliyonipangia maandalizi. Kasi ikitoka 50 hadi 100, nguvu ambayo breki zinatakiwa kuigeuza kuwa joto haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Kisha kuna uzito wenyewe: Fielder ni kama kilo 1,100, Mark X inakaribia 1,500. Ukirudia zoezi la kusimama ghafla asubuhi nzima, tofauti hiyo unaiona kwenye pedi za breki na kwenye mfuko.

Mafuta ya breki ndiyo watu wa Pwani tunayapuuza zaidi. Yananyonya unyevu wa hewani, na hewa yetu ni ya bahari. Kiwango cha DOT 4, daraja moja la mafuta ya breki, kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishaingia maji, kiwango hicho cha kuchemka kinashuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mvuke, pedali inazama na gari halisimami. Fundi aliyamwaga ya zamani yote, akaweka mapya na kutoa hewa iliyonaswa kwenye breki za magurudumu yote manne. Akakagua pia bushi, boljointi, na nati za magurudumu.

Tairi nazo nilizisoma tarehe. Namba inayoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi huishia na tarakimu nne: 1822 maana yake wiki ya 18 ya mwaka 2022. Tairi ya mtumba yaweza kuwa na kashata (michoro ya kushika barabara) nzuri lakini mpira umeshakauka kwa jua. Kwenye kozi ya namna hii usiende nayo, hata kama umeuziwa kwa bei ya kirafiki.

Zoezi lililonilipa ada yangu yote ni la kusimama ghafla huku ukikwepa kizuizi. Mwalimu anataka ukanyage breki kwa nguvu zote, pedali itetemeke kwa ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge), usiiachilie, na macho yatazame pale unapotaka kupita. Kwenye kona zenye maji, Fielder ilisukuma pua nje kila nilipoingia kwa haraka. Nikapunguza mafuta taratibu, uzito ukarudi mbele, usukani ukashika. Haya nimejifunza kwenye gari nitakalokuwa nalo mvua ikinyesha Nyali au Changamwe nikiwa katikati ya matrela.

Mwenzangu mmoja alikuja na Subaru WRX. Ni gari zuri mno, nami nililitamani. Ila magurudumu yote manne yanapovuta, akiingia kona vibaya anakanyaga mafuta na gari linamtoa, kwa hivyo mwalimu alipata kazi kumwonyesha kosa lilipoanzia.

Kwa mafunzo, kozi naipa alama za juu: mwalimu anakaa nawe garini na anasahihisha papo hapo. Kivuli lakini kilikuwa kidogo, na mazoezi mazito yalipangwa saa sita mchana. Beba maji mengi. Piga simu kwa bima yako mapema, upate jibu la maandishi, maana sera nyingi za gari binafsi haziingizi mashindano wala majaribio ya kasi. Toa kila kilicholegea garini, hadi jeki, na uwe na kipimo cha upepo, kwani tairi zikipata moto shinikizo linapanda.

Ngazi ya pili nitakwenda na Mark X. Kaka ameshakubali kubadilisha shoki za nyuma kwanza.